Viti vya Kilio

Siku ya tatu ya kilio cha baba, Victorine mwenye viti vya kukodi alikuja na gari lake la mizigo akaanza kupakia viti hamsini. Vingine vilikuwa bado vimekaliwa.

"Mama Katungu, unisamehe. Biko réservés, balishabikodi bengine. Iko concert ku salle ya Katuba, saa nane."

"Concert ya nani?"

Akatazama karatasi yake. "Tôle Ondulée. Ni bantu ba Goma."

Tôle ondulée ni bati la migongo, na mimi ninauza mabati kwa jumla, lakini si kwa biashara nililijua jina hilo. Tôle Ondulée ni kundi la mdogo wangu Lévi. Walitua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa ziara ya miji mitatu, na Jumatatu iliyofuata Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na bomu likamkuta baba yetu nyumbani. Majirani walimzika uani, nyuma ya jiko, kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Habari ilitufikia Ijumaa. Huku Lubumbashi tukailia picha yake.

Yaani wengine waliilia. Mimi sikutoa chozi hata moja, na wanawake wa kwetu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Hawakujua jambo moja. Kila siku saa sita mchana baba alitupigia simu, kwanza mimi, kisha Lévi, akauliza mambo yaleyale matatu bila salamu: tumekula? tumefunga mlango? tuko na nani? Ukishajibu, anakata. Jumatatu ile simu iliita nikiwa na mteja wa mabati mia mbili. Nikasema, nitampigia baadaye. Saa nane mtandao wa Goma ulikuwa umekufa.

Lévi naye alikaa kilioni siku moja tu, akaondoka na gitaa lake. Mtoto wa kiume wa pekee! Sasa alikuwa amechukua na viti. Niliapa atarudi kukaa mbele ya picha ya baba yake kabla hatujaanua matanga jioni ile, hata kama ni kwa kumvuta sikio. Nikamchukua mume wangu Léonard, ambaye ukoo wake wote ni watu wa reli na hashtushwi na kelele.

Ukumbini kulikuwa na vijana kama mia tatu, wote wamesimama. Viti vyangu hamsini vilikuwa vimesukumwa ukutani na hakuna aliyevikalia. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Nimewahi kuwa stoo mvua ya mawe ikipiga mabati. Muziki wa Lévi ulikuwa hivyo, bila kupungua. Vijana waligongana kwa mabega, na aliyeanguka waliomgonga walimwinua kwa adabu kubwa, wakamfuta vumbi, wakamgonga tena.

"Huyu mutoto iko na maumivu?" Léonard alinipigia kelele sikioni.

"Njo muziki yake," nikasema; ndivyo anavyoimba siku zote.

"Ah bon," akasema, akaenda kukaa.

Nilipenya mpaka mbele, nikashika ukingo wa jukwaa. Lévi aliniona, akainama kati ya wimbo na wimbo. Jasho lilimtoka kidevuni.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "inabakia moja tu. Kisha tunaenda."

"Picha ya baba iko peke yake kule!"

"Yaya, sikia tu."

Akasimama, akafumba macho, akapasua koo. Mwanzoni sikusikia neno. Kisha nikasikia.

"ULISHAKULA?"

Ngoma zikanyamaza. Akangoja, maikrofoni mkononi, kwa muda uleule ambao baba angengoja. Ngoma zikarudi, akauliza tena, akangoja tena. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nimefunga kitambaa cha kilio kichwani, na nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Nilishakula, baba!"

Vijana wakadhani ndicho kiitikio. Wakakidaka.

"ULISHAKULA?"

"Nilishakula, baba!" wakajibu watu mia tatu.

"ULISHAFUNGA MULANGO?"

"Nilishafunga, baba!"

"UKO NA NANI?"

Hapo sauti zikachanganyika, kwa sababu kila mmoja alitaja mtu wake. Mimi nilisema, "Niko na Lévi." Sidhani kama nilipaza sauti, lakini alinisikia. Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata alichotaka, akazima maikrofoni. Baba naye angekata hapo.

Nilitembea mpaka ukutani, nikakaa karibu na Léonard kwenye kiti kilichoandikwa namba arobaini na moja, na machozi yakaja yote, ya Jumatatu na ya siku zote zilizofuata. Lévi alikuja akakaa chini, mgongo wake kwenye miguu yangu. Léonard alisimama kumpa nafasi, lakini Lévi hakuitaka.

Victorine alipokuja kukusanya viti vyake, alichukua arobaini na tisa, akakiacha kile nilichokikalia.