Pumzi ya Rukunda

Rukunda aliwahi kusinzia kanisani na kazini, lakini aibu kubwa ilimpata siku wafanyakazi wa kampuni ya pamba ya mjini Baraka walipokusanywa kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama tawala. Usingizi ulimchukua akiwa amesimama anapiga makofi, akamwangukia mke wa mkurugenzi. Wakamfungia katika cachot, chumba cha mahabusu, kwa ulevi, yeye shemasi asiyejua ladha ya pombe.

Daktari wa misheni ndiye aliyegundua tatizo. Rukunda akilala, koo lake hujifunga na pumzi hukatika.

"Watakutoboa hapa," alisema akimgusa shingoni, "waweke kamrija. Mchana unakaziba, usiku unakafungua."

Mrija na operesheni vilipatikana Bukavu. Kampuni ilipaswa kuwatibu wafanyakazi wake, ila kwanza mkuu wa wafanyakazi, citoyen Bisogo, asaini bon, hati ya kulipia matibabu.

Bisogo aliisoma barua ya daktari, akacheka.

"Kampuni inalipaka bugonjwa. Kukoroma haiko bugonjwa, hata mi nakoromaka. Na we unajua aje kama pumuzi inakatika? Si unakuwa umelala? Leta muntu mwenye kukuonaka."

Aliyemwona alikuwa mmoja tu, mkewe Bazubagira. Kijijini kwao Bibokoboko, mambo ya kitandani hayatoki nje ya nyumba, sembuse kupelekwa katika bureau, ofisi ya wanaume. Rukunda alimwomba huku akitazama chini.

Bazubagira alipoingia, makarani waliacha kazi zao.

"Mama, anakoromaka namna gani?" Bisogo akauliza.

Bazubagira alifumba macho, akakoroma. Karani mmoja alicheka mpaka akapiga meza. Rukunda akageukia ukuta.

Mara mkoromo ukakatika. Bazubagira alibana pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka. Makarani walingoja amalize ili wacheke tena, lakini hakumaliza. Vicheko vikafifia.

"Mama, inatosha," mmoja akasema.

Bado alibana. Bisogo aliinuka kitini. Ndipo Bazubagira akavuta hewa kwa kishindo, akaishika meza asianguke.

"Ni vile," alisema akihema. "Usiku muzima. Mi nakaaka kando yake, namutikisa. Nikisinzia, atakufa."

Bisogo alisaini bila kumtazama mtu.

Njiani Rukunda alitangulia mbali, kama hawajuani. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Umenivua nguo mbele ya batu." Mkewe aliwasha moto, akapika.

Rukunda alirudi kutoka Bukavu na kitambaa shingoni, akawaambia watu ni kikohozi. Asubuhi ya kwanza aliamka kichwa kikiwa chepesi, hata akashangaa. Jua lilikuwa limeshapanda, na Bazubagira bado amelala, mdomo wazi, mkono umeelekea upande wa mumewe.

Jirani yao Marthe akabisha hodi. "Mama iko mugonjwa?"

"Hapana. Analala."

"Mupaka saa hii?"

Rukunda akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akikesha kumtikisa. Lile neno alilomwambia mkewe lilimrudia, na aibu ikamchoma kuliko ile ya bureau. Alichukua ndoo, akaenda kisimani, mahali ambapo mwanaume mwenye mke haonekani. Wanawake walikiangalia kitambaa chake.

"Unatafuta nani, papa?" mmoja akauliza.

"Nakuja kuchota mayi," alisema, akasimama nyuma ya wa mwisho.