Isale la Primus

Mjini wanasema bustani iliuzwa na Primus. Wananionea huruma tu, mzee wa watu. Bustani niliitoa mimi, Sifael, kwa mikono yangu miwili, Jumapili mchana baada ya ibada, na nikasema ahsante juu yake.

Nilikuwa mtunza bustani pale kwa miaka kumi na tisa. Msidhani ni bustani ya kwenye kalenda. Kilikuwa kipande cha ardhi ya mtaa chenye mijakaranda saba, bomba moja la maji, bembea za matairi, na majani niliyoyafyeka kwa panga kwa sababu mashine tuliahidiwa mwaka ambao hata siukumbuki. Lakini palikuwa tambarare. Asiyekaa Moshi hajui thamani ya mahali tambarare pasipo na bodaboda wala mtaro wazi. Asubuhi Hilda, mwalimu mstaafu, aliwachezesha mazoezi akina mama wa kisukari na presha, akiwafokea kama darasa la tatu. Mchana wanafunzi walilala na madaftari usoni wakidai wanasoma. Jumapili watu walipiga picha, mlima ukiwa nyuma yao. Mlima ukijificha, walipiga hivyo hivyo na mawingu yao.

Jioni ilikuwa ya mke wangu. Magreth alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia. Mtaalamu wa viungo alisema atembee kila siku, mahali palipo sawa, akiwa na kitu cha kushika. Sisi tunakaa chumba cha kupanga, na ua wetu umejaa ndoo, kamba za nguo na kuku wa mwenye nyumba. Kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko juu mlimani Mbokomu, ambako hata mzima hushuka akishikilia migomba. Basi nikaokota mabomba chakavu, fundi akayaunga, tukasimika reli kutoka mjakaranda wa kwanza hadi kwenye bomba la maji. Hatua arobaini na mbili. Mwezi wa kwanza alikwenda nne, akalia. Kufikia Februari mwaka huu alikuwa anafika bombani, ananawa uso kwa mkono wa kushoto, anageuka na kuniambia, "Sasa nenda wewe, mimi nipumzike." Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi, maana siku ya harusi viatu vilinibana.

Machi wakaja wapimaji. Walipita na kamba zao katikati ya reli ya Magreth kana kwamba haipo. Nilipouliza wakanionyesha karatasi: muhtasari wa kikao cha kamati ya bustani, wajumbe kumi na wawili, wamekubali kwa kauli moja sehemu yote ya tambarare akodishwe mfanyabiashara kwa miaka thelathini na mitatu, ajenge baa ya nyama choma na mahali pa kuoshea magari. Juu kabisa ilikuwa sahihi ya Primus, mwenyekiti wetu. Ya saba ilikuwa yangu.

Mimi sahihi yangu naijua. Ile ilikuwa nzuri mno.

Kikao hicho hakikufanyika. Kati ya wale kumi na wawili, watano wako makaburini, wanne wamehama hatujui wapi. Tuliobaki ni Primus, mimi, na Filemon aliyerudi kwao Mkuu, Rombo. Afisa wa ardhi, kijana mmoja mpole aitwaye Gidioni, akasema atakuja Jumatano kutuuliza mbele ya watu. Mjumbe mmoja tu akitamka kwamba kikao hakikuwepo, mkataba unasimamishwa. Hilda akafurahi sana. "Meku," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mzee, "wewe sema ukweli tu. Na Filemon nitampigia aje, muwe wawili."

Hapo tulikuwa tumeshinda. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu mimi mwenyewe huwa nalifikiria kila nikifunga macho.

Jumapili, tumetoka kanisani, nimemkalisha Magreth kitandani, nikasikia gari. Akashuka Primus. Nyuma yake, akisaidiwa kushuka taratibu, mzee Ebenezeri, baba yangu mdogo, wa miaka themanini na sita, ambaye hajashuka mjini tangu mazishi ya dada yake. Primus alikuwa amemfuata mlimani asubuhi ile. Mkononi alishika isale.

Wasio wa huku nawaambia. Isale ni mmea wa kawaida, umeota mipakani mwa vihamba vyote. Lakini mtu aliyekukosea akikuletea jani lake limefungwa fundo, akiwa na mzee wa ukoo wako, huwezi kukataa. Hata kama amemuua mwanao. Ukilikataa, au ukilipokea halafu ukalifufua lile kosa mbele za watu, balaa linarudi nyumbani kwako, nalo huanza na yule aliye dhaifu. Mimi ni Mlutheri, nimekuwa mzee wa kanisa vipindi viwili, na mchungaji ametuhubiria sana kuhusu mambo haya. Ninamwamini mchungaji. Vilevile nilikuwa na mke mgonjwa kitandani, hatua tatu kutoka pale tuliposimama.

"Shikamoo, baba," nikamwambia Ebenezeri.

"Marahaba, mwanangu. Huyu amekuja kwangu analia. Anasema amekukosea. Mimi sijui ni nini na sikuuliza. Mpokee."

Primus akapiga magoti. Ana mwili mkubwa, alishika ukuta kwanza. "Nimekukosea, mbe, ndugu yangu. Nisamehe."

Mikono yangu ilinyooka kabla kichwa hakijasema lolote. Nikalipokea. Nikasema, "Aika," yaani ahsante. Tukanywa mbege, pombe ya ndizi, waliyoleta, mzee akatema mate kidogo ya baraka, akamshika Magreth kichwa, akamwombea. Nilitokwa na machozi. Nilidhani limekwisha.

Na kosa langu liko hapa. Sikuuliza kitu. Mwenye isale hahojiwi. Ungemhoji ungekuwa umemkataa. Kwetu sisi mtu hapigi magoti na jani mkononi kabla hajaamua kurudisha alichochukua. Ukiiba ndizi, mkungu unatangulia, jani linafuata. Kwa hiyo niliona ni dhahiri kwamba Jumatano Primus atasimama mwenyewe na kusema ule muhtasari ni wa uongo. Nikampigia simu Hilda. "Usimsumbue Filemon kutoka Rombo," nikamwambia. "Mambo yamekwisha, Primus ametubu."

"Amesema atafuta mkataba?"

"Ameleta isale, mwalimu."

Hilda ni mtu wa Chekereni, kwao wanalima mpunga, wamechanganyika makabila yote. "Haya, Meku. Wewe ndiye unayejua mila zenu."

Siku tatu nilitembea mjini kama bwana harusi. Nilipaka reli rangi ya kijani.

Jumatano viti vilipangwa palepale bustanini. Akina mama wa mazoezi walikuja na raba zao miguuni. Magreth nilimleta, akakaa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha sherehe. Gidioni akasoma muhtasari, akauliza kama kuna mjumbe mwenye la kusema. Nikamtazama Primus. Primus akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni anajikusanya, mpe muda. Gidioni akarudia. Primus akasimama, akajikohoza, akasema, "Muhtasari uko sawa, mheshimiwa," akaketi.

"Mzee Sifael," Gidioni akaniita, kwa heshima kabisa. "Jina lako ni la saba. Kikao hiki kilifanyika?"

Watu wote waligeuka. Jibu lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa kinywani, nililisikia ladha yake. Nikamtazama Magreth. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani umekunjika, na mdomo wake umekwenda upande kidogo, kama siku zote. Nikaona akilini isale tulilolichomeka juu ya mlango wetu. Nikaona jeneza.

"Mambo ya mimi na Primus tuliyamaliza nyumbani," nikasema.

"Kwa hiyo hulalamiki?"

"Sema, Meku!" Hilda akapaza sauti. "Sema!"

"Silalamiki."

Gidioni aliandika. Alisubiri bado, kalamu mkononi, yule kijana alinisubiri, Mungu ambariki. Kisha akafunga jalada.

Nilimfuata Primus garini. Nikamuuliza, mbona umenifanyia hivi na umenipigia magoti? Akanishika bega. Hakuwa na hasira wala kebehi, na hilo ndilo linaloniua. "Mbe, mimi nilikukosea wewe kwa kutumia jina lako bila kukuuliza. Hilo lilininyima usingizi, nikaomba msamaha, ukanisamehe. Bustani ni jambo lingine."

Wiki iliyofuata palizungushwa mabati. Reli iling'olewa, nasikia imekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Mijakaranda wameacha miwili, ya kivuli cha wateja. Hilda alikutana nami sokoni. Hakunisalimu. Alisimama tu na kikapu chake. "Nataka nikuulize kitu kimoja, mzee," akasema, na hakusema Meku. "Ulimsamehe kwa niaba ya nani?" Jibu nalitafuta mpaka leo.

Akina mama sasa wanafanyia mazoezi kando ya barabara kuu. Mmoja, Elifuraha, aligongwa na bodaboda, amevunjika nyonga. Magreth nilijaribu kumtembeza uani, akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka. Siku ya pili akakataa. Siku ya tatu sikumwomba. Mguu umeanza kukakamaa tena. Lile balaa nililoliogopa lisije kuanza na yeye, limeanza na yeye, na niliyelileta ni mimi.

Jana jioni Primus alikuja kumwona mgonjwa. Alileta mkate na sukari, kama mtu mstaarabu. Akakaa kwenye kiti changu, akamuuliza Magreth hali, akasema karibuni siku ya ufunguzi wa baa, ameweka meza kwa ajili yetu. Kumfukuza siwezi. Hata kumchukia sina ruhusa. Nilimsamehe, na mzee wangu alishuhudia. Magreth aliniangalia muda mrefu. Kisha, kwa shida, akivuta upande wake uliokufa kwa mkono ule mzima, akajigeuza kuelekea ukutani.

Nikamimina chai. Nikamuuliza Primus anataka vijiko vingapi vya sukari.