Brashi ya Nyegere

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza, hata kabla sijaiona brashi yenyewe. Nilikata utepe wa boksi kwa kisu cha mezani, nikafunua karatasi laini, na chumba kizima kikanuka mbuzi aliyenyeshewa. Nikampigia simu mwanangu Asnath, anayefanya kazi hotelini Arusha na ndiye aliyeituma kwa basi.

"Bertilla wa pili," nikamwambia, kwa maana nilimpa jina hilo la mama yake tangu utotoni, "hiki kitu kimetengenezwa na nini?"

"Manyoya ya nyegere, baba."

"Nyegere?"

"Nyegere wa Ulaya, siyo hawa wetu. Ndiyo brashi nzuri kuliko zote za kunyolea. Ila lazima uizoeze kwanza, isije ikakuchoma usoni. Maelekezo yamo humo ndani. Nataka siku ya kumaliza mwaka wa mama wakunyoe na kitu cha heshima."

Nilipokata simu nikacheka peke yangu. Nani asiyejua sifa za nyegere? Haogopi simba, ananuka, na kwa wivu hana mpinzani. Watu husema humficha mke wake shimoni, asionwe na yeyote. Bertilla, mke wangu, angecheka mpaka ashike mbavu. Nikageuka kumwita jikoni aje aone, mdomo umeshafunguka, ndipo nikakumbuka. Miezi kumi na moja, na bado ilikuwa inanitokea. Inauma palepale kila mara.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kipo sokoni Sumbawanga, ingawa siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu, na mimi nashinda nikipangusa kioo cha meza. Vidole vyangu vinaweza kukamata skurubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Lakini kujinyoa siwezi. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilijikata mara tatu nikijiandaa kwenda misa, Bertilla akaninyang'anya wembe na hakuurudisha tena kwa miaka thelathini na sita. Alijifunza kwa baba yake, mvuvi wa Wampembe, aliyekuwa akinyolewa na binti zake wawili kwa zamu. Kila Jumamosi jioni alinikalisha uani, akanipaka povu, akanibana kidevu kwa dole gumba, akaanza na sikio la kushoto. Na mimi, mtu mwenye maneno mengi, nilikuwa kimya nusu saa nzima. Ile brashi yetu ya zamani ilibaki kipara kabisa. Niliiweka mwenyewe jenezani, pembeni ya mkono wake, kabla hawajafunga.

Sasa, katika ukoo wetu, mgane hagusi ndevu zake mwaka mzima, na wembe wa kwanza hashiki yeye. Anayemnyoa ni mtu wa upande wa mke. Maana yake wamekubali kwamba binti yao amekwenda, na hawana neno na wewe. Wasipokuja, utabaki na ndevu zako, na mji mzima utajua kuna neno.

Kwa upande wa Bertilla walibaki wawili tu: mama mkwe wangu, ambaye ni mzee sana asiyeweza safari, na Silvana, mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye huko ziwani Wampembe. Na Silvana alikuwa hajasema nami tangu mazishi.

Sababu aliijua kila mtu. Bertilla aliomba azikwe kwao Wampembe, ziwani, karibu na baba yake. Tulimzika hapa, makaburi ambayo kutoka kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ilikuwa Aprili, mvua kubwa, na niliwaambia watu kwamba njia ya kushuka ziwani imekatika. Silvana alipoambiwa hivyo kwa simu akapanda boti kwenda bandari ya Kabwe, akazunguka kwa gari kutoka huko, na alipofika tulikuwa tumeshazika tangu juzi yake. Alisimama kaburini bila kulia. Akaniangalia mara moja, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilimtumia ujumbe kuhusu siku ya kumaliza mwaka. Haukujibiwa. Nikatuma wa pili, nao ukasomwa, ukaachwa hapohapo.

Basi nikaanza kuzoeza brashi. Kama atakuja, aikute iko tayari, na kama hatakuja, walau nitakuwa na shughuli. Maelekezo yalisema uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uisugue kwenye sabuni mpaka itoe povu, uache povu likae ndani ya manyoya, kisha uisuuze na kuitundika kichwa chini. Urudie kila siku mpaka harufu iishe na ncha zilainike. Siku ya kwanza ilimwaga manyoya kumi na moja. Niliyapanga mezani kama vipuri vya saa nikidhani nimeshaiharibu. Siku ya pili yakawa sita. Niliitundika dirishani kwa kibanio cha nguo, nikawa naiangalia kuliko nilivyosikiliza redio.

Tatizo lilikuwa povu. Kiganja hakitoshi, brashi inataka shavu, na mashavu yangu yalikuwa yamefungwa kwa mila. Nikatafuta ndani ya nyumba kitu chenye umbo la shavu, na nikakiona kibuyu cha Bertilla alichokuwa akihifadhia mbegu za ulezi. Kitumbo chake kilikuwa laini, kimeng'aa kwa kushikwa na mikono yake. Nikakiweka kwenye kiti chake uani, nikakipaka povu taratibu kwa mizunguko, kutoka kushoto.

Siku ya nne nilianza kuzungumza nacho. Sioni aibu kusema. Nilikiambia bei ya mahindi imeshuka, kwamba Asnath amekonda kwenye picha, kwamba chai ninayopika mwenyewe haina ladha hata nikitia tangawizi. Nilikuwa mpweke, na kibuyu hakikunihurumia, na hilo lilikuwa nafuu, maana watu wote wengine walinihurumia mpaka nikachoka. Siku ya sita nikakiuliza kama Silvana atakuja. Nilikuwa nimeinama, nasubiri kama vile kitajibu, niliponyanyua macho nikamwona jirani yangu, Mama Debora, amesimama langoni na bakuli la maharage mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Asnath," akasema polepole.

"Milele amina. Karibu. Nazoeza brashi."

"Naona," akasema. Akaweka maharage chini na kurudi kinyumenyume.

Kesho yake alasiri jumuiya nzima ilikuwa uani kwangu na rozari, watu kumi na saba. Hakuna aliyetaja kibuyu, lakini kila mmoja alikitafuta kwa macho. Walinisalia sala ndefu ya wagonjwa wa akili, ingawa waliiita sala ya wenye huzuni. Nikaenda ndani nikatoka na brashi kuwaeleza jambo lote tangu mwanzo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana kichaa. Mzee Zenon, mtu wa utani, akainusa.

"Manyoya ya nyegere?" akasema. "Basi angalia. Ukijipaka hiyo utaanza kufungia watu ndani."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Lakini maneno yake yalinifuata ndani, na usiku huo niliuacha ugali sahanini.

Sikujua kwamba Mama Debora alikuwa na namba ya Silvana. Jumamosi, wiki moja kabla ya mwaka kutimia, nilikuwa nimekaa uani nikisuuza brashi, mtu akabisha hodi kwa sauti iliyonifanya nisimame ghafla, maji yakamwagika. Ilikuwa sauti ya Bertilla kabisa, ila kavu kidogo. Silvana aliingia amejifunga kanga kiunoni, viatu vimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Silvana. Karibu. Karibu sana. Kaa."

Hakukaa. "Nimeambiwa umerukwa na akili. Unapaka kibuyu sabuni na kukiita jina la dada yangu. Nikasema niende nikamwone kichaa kabla hajakimbilia porini."

"Sikukiita jina," nikasema. "Nilikiuliza tu swali."

Uso wake ukalegea kidogo pembeni mwa mdomo. Nikamwonyesha brashi, nikamwambia ni manyoya ya nyegere. Ilikuwa imeshafunguka, manyoya yamechanua mviringo mzuri, ncha nyeupe, na harufu ilibaki kwa mbali sana. Aliigusa shavuni mwake, kama mwanamke anavyojaribu kitambaa dukani.

"Ni laini," akasema.

"Niliizoeza kwa ajili ya mkono wako."

Halafu akavua kanga, akanifunga shingoni, akasema wiki moja iliyobaki anaisamehe, akaomba maji ya moto na wembe. Sikuamini. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na sasa hayakuhitajika. Alinipaka povu kwa mizunguko. Akanibana kidevu kwa dole gumba. Akaanza na sikio la kushoto.

Nilifumba macho. Mkono ulikuwa uleule, shinikizo lilelile, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kupitisha wembe. Baba yao aliwafundisha siku moja. Machozi yalitoka yakachanganyika na povu, naye akayapangusa kwa kidole. Upepo wa baridi ulipita kwenye shavu lililokuwa wazi, na nikajisikia mtu.

Alipomaliza upande wa kushoto akausuuza wembe. "Shemeji," akasema, "nikuulize, unijibu. Watu wa malori ya dagaa waliniambia walipita. Siku ileile. Mimi nikasema wanadanganya, shemeji yangu hawezi. Njia ilikuwa imekatika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshalisema mara nyingi mpaka nilikuwa karibu kuliamini. Lakini mkono ule ulikuwa bado umeshika kidevu changu, na miaka thelathini na sita sikuwahi kuudanganya mkono ule.

"Haikuwa imekatika," nikasema. "Dereva wao mmoja alikuja msibani asubuhi, akaniambia lori limepanda salama na anaweza kumbeba. Nikamwambia tumeshaamua. Silvana, nisingeweza. Wampembe ni mbali. Ningemwona mara moja kwa mwaka, labda mara mbili. Hapa naenda kila siku. Nilitaka awe karibu."

"Na mimi ukanizungusha Kabwe."

"Nilikuzungusha. Ulipopiga nilikuwa nimeshawaambia wote, nikashindwa kurudi nyuma. Nisamehe."

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. Aliuweka wembe kwenye beseni, akaupangusa mkono wake kwenye kanga, kisha akaifungua shingoni mwangu.

"Kumbe nyegere ni wewe," akasema.

Akachukua mkoba wake. Nilibaki kwenye kiti, shavu moja wazi, jingine na povu na ndevu za mwaka mzima.

"Silvana, umalizie. Nakuomba. Siwezi kukaa hivi."

"Utakaa hivi. Upande uliobaki atakunyoa mama, huko Wampembe. Njoo na udongo wa kaburi lake, umwambie mwenyewe ulichoniambia mimi. Asipotaka kukunyoa, ni shauri lake." Alifika langoni, akasimama bila kugeuka. "Ana miaka tisini na moja, shemeji. Kichwa kinakuja na kuondoka. Kila jioni anauliza Bertilla atakuja lini. Na sisi kila jioni tunamjibu njia imekatika."

Akaenda zake. Povu lilikauka shavuni likaanza kunivuta ngozi, na sikuliosha mpaka jua likazama.

Jumapili nilikwenda misa hivyohivyo. Watoto walinigeukia, mama zao wakawageuza. Mzee Zenon alifungua mdomo, akaniangalia machoni, akaufunga. Baada ya misa nikaenda makaburini na kijiko cha kupandia miche. Nilimweleza Bertilla, kwa sauti, kitu nilichokuwa sijamweleza siku zote nilizokwenda pale. Nikachimba udongo upande wa kichwa, nikaujaza kwenye boksi la brashi. Ulitosha kabisa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa stendi, brashi mfukoni mwa shati, boksi mapajani. Kibuyu nilimwachia Mama Debora. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na bado ilikuwa ikidondoka kwenye maturubai. Nilisimama mlangoni mwa gari la Wampembe, mguu mmoja chini, na nusu ya ndevu zangu ikilowa. Nikamuuliza kondakta kama njia inapitika.

"Inapitika, mzee," akasema. "Panda twende."