Godoro la Malampaka

Mimi sina neno na mgeni, ila mgeni asiyesema hunitia wazimu. Masika ile mvua ilipokata reli, mahujaji wa Bariadi waliokuwa safarini kwenda Dar kupanda ndege walikwama hapa Malampaka, na sisi tunaokaa karibu na stesheni tukagawana wageni. Mimi na mume wangu Luhende, Wakatoliki, tukapata Mzee Hilali, mwenye duka la vitenge, na mkewe Sikuzani. Tukawapisha chumbani kwetu, kwenye godoro jipya la pamba ya shamba letu wenyewe. Kuku tulimwachia Hilali achinje, tukala wote sinia moja.

Nilitaka kujua jambo moja tu: yule mama, aliyefika akilalamikia kiuno, amelala vizuri? Kumbe alfajiri treni ikapiga honi, wakatoka mbio, akaondoka bila kusema neno. Iliniuma. Kila siku namwambia Luhende, "Hakulipenda godoro letu."

"Mektilda, hebu nipumzishe," ananijibu.

Hija ilipokwisha, Hilali akashuka kwenye treni peke yake, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mwangaluka, mama," akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwenzangu nimemzika Makka."

Nikakaa chini. Akanieleza taratibu kwamba kule wanaume hulala vyumba vyao na wanawake vyao. Walikuwa wanakutana kwenye ngazi tu, na kila wakikutana Sikuzani alimwambia, tumelazwa vizuri, alhamdulillahi, lakini godoro la Malampaka halina mwenzake. Akamaliza hija yake, akaugua, akafariki.

"Kwako ndiko tulikolala pamoja mara ya mwisho," akasema. "Nimekuja kushukuru. Na lile godoro, naomba uniuzie."

"Pesa yako rudisha mfukoni, baba," nikamwambia. Nilikuwa nalia, wala sioni haya kulisema.

Luhende akanitazama, maana mgongo mbovu ni wake. Kisha akaingia chumbani, akalikunja godoro, akalifunga kamba, akambebea Hilali hadi kwenye gari la Bariadi.

Tulilalia mkeka mpaka pamba ilipopasuka shambani. Wanunuzi binafsi, ambao miaka ile ndiyo walikuwa wameanza kuja na mizani zao, niliwaambia wasubiri, kwanza nijaze godoro. Luhende alilalamikia mgongo kila asubuhi. Mimi nilikuwa nalala fofofo.