Namba Iliyobaki Dirishani

Shemeji Kristian alikuwa na mapenzi mawili duniani, mke wake na skrini ya gari lake, na waliomjua walisema mke ana bahati kutajwa wa kwanza. Skrini hiyo alifungiwa Dar es Salaam, pana kama sinia la chai, pale ilipokuwa redio ya zamani. Ilikuwa na laini yake ndani. Ilicheza kwaya, ilionyesha ramani, na iliingia mtandaoni kama kompyuta ya ofisini. Kwa sababu hiyo mwenyewe aliridhika na kitochi, simu ndogo ya vitufe, mfukoni. Simu ni ya kupigia, alisema, mtandao uko garini.

Ijumaa hiyo, saa tisa na nusu alasiri, skrini ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la Rahabu, dada wa mke wake. Walikuwa wametoka Mtae saa sita kwenda Lushoto mjini, kwenye duka la stesheneri lenye kompyuta. Walipofika kona za msitu wa Magamba wakakuta lori la kabichi limelala ubavu katikati ya njia. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo. Mbele yao magari tisa, nyuma yao pikapu ya viazi na mengine yasiyohesabika, na ukungu unashuka taratibu kutoka kwenye miti. Mtu alisema gari la kuvuta limeshatoka Mombo. Mtu mwingine akasema hata halijaanza safari.

Rahabu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Witness, aliyefaulu kidato cha sita na wakati huo alikuwa kambini kwenye mafunzo ya jeshi, ambako simu hazitumiki. Vyuo viwili vilimchagua. Sharti likawa kwamba athibitishe kimoja mtandaoni kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa hiyo, asipothibitisha anapoteza vyote viwili. Mwalimu Rubeni, aliyemjazia maombi, alikuwa amehamishiwa kusini, akamwachia Rahabu karatasi yenye jina la kuingilia na neno la siri. Barua ya Witness kutoka kambini ilisema chuo anachokitaka, kile cha uuguzi, na neno lenyewe alilipigia mistari miwili.

Taarifa ya kuchaguliwa ilikuja Jumatatu. Lakini Jumatatu Rahabu alikuwa msibani kwa mama mkwe wake, na mkaza mwana haondoki msibani kabla matanga hayajaanuliwa. Angeondoka kwa sababu ya simu, wangesema mpaka wajukuu wasikie. Kwa hiyo alichota maji, alipika, alilala chini na wenzake, na taarifa ya mtoto aliiona Alhamisi jioni aliporudi kwake. Hakuna aliyekosea hapo. Ndiyo maana inauma.

Kristian alivuta hendibreki, akapangusa skrini kwa mkono wa shati, akasema kwa maringo kwamba hawana haja ya Lushoto. Ukurasa ulifunguka. Rahabu akainamia skrini, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaanza kuandika jina la kuingilia kwa kidole kimoja kilichokakamaa kwa baridi. Alipofika herufi ya tano, magari ya mbele yakasogea hatua chache, kwa sababu tu madereva wa Tanzania hawawezi kuona nafasi ikabaki wazi. Pikapu ya nyuma ikapiga honi. Kristian akashusha hendibreki, akasogea, na skrini ikawa nyeusi. Maandishi madogo yakatokea kwamba kwa usalama wa dereva huduma hiyo haipatikani gari likitembea. Walipofungua tena, ukurasa ulikuwa umesahau kila kitu.

Mambo yakawa hivyo mara tatu. Mara ya nne Kristian akakataa kusogea, akashuka kwenda kuzungumza na mwenye pikapu, ambaye alikuwa na simu kubwa lakini laini yake haikushika chochote kwenye kona zile. Mtu huyo akaelewa, akaacha kupiga honi. Rahabu akabaki peke yake na skrini. Akaandika jina. Akaandika neno la siri, herufi kubwa mahali pake, namba mahali pake. Akaviona vyuo vyote viwili vimeandikwa, na jina la mwanawe juu yake, majina yote matatu, na la marehemu mumewe likiwa katikati. Machozi yakamlenga. Akagusa chuo cha uuguzi, kisha akagusa Thibitisha, akiwa na furaha ambayo baadaye aliionea aibu.

Skrini ikajibu: ingiza namba iliyotumwa kwenye simu yako. Chini yake saa ndogo ilikuwa inarudi nyuma kutoka dakika kumi.

Kristian aliporudi alimkuta amekaa ameshika mdomo. Akauliza simu iko wapi. Rahabu akasema iko nyumbani.

Wasiopajua Mtae watamcheka, na wacheke. Nyumba ya Rahabu iko mgongoni mwa mlima, na mtandao huingia mahali pamoja tu, kwenye kona ya dirisha la sebule, ambapo simu imening'inizwa kwenye msumari kwa kamba ya kiatu. Ukiitoa pale mtandao unakufa. Ikilia, wa karibu ndiye anapokea, akisimama hapo hapo. Simu ile ni ya nyumba, kama mlango ulivyo wa nyumba, na hakuna mtu anayesafiri na mlango wake. Rahabu alifunga kufuli, akatia ufunguo kwenye pindo la khanga, akaondoka, na wazo la kuitoa simu msumarini halikumpitia kabisa. Hata njia ingekuwa nyeupe, hata angefika Lushoto mapema, pale dukani angeulizwa namba hiyo hiyo. Jambo hilo alilielewa akiwa anaitazama saa ya kwenye skrini, na akajisikia mdogo na mjinga.

Kurudi Mtae ni saa tatu. Walichoweza ni kumpigia Sesilia, jirani wa chini, mama mtu mzima ambaye simu yake nayo hushika kwenye mpera wa uani kwake tu. Kitochi cha Kristian kikaita, Sesilia akapokea, na Rahabu akatoa shikamoo. Sasa shikamoo ya milimani haikatwi katikati. Sesilia aliitikia, akauliza habari za safari, akatoa pole za msiba upya kwa Kishambaa, akasema miguu yake inaendeleaje na ng'ombe amekula nini. Rahabu aliitikia moja baada ya jingine, macho kwenye saa, dakika nane, dakika saba na nusu. Hakuwa na namna. Kumkatisha mtu mzima salamu wakati unaomba msaada wake ni kuufunga mlango unaoubisha.

Hatimaye akaeleza. Sesilia akaelewa mara moja, hakuwa mjinga hata kidogo. Akapanda kilima kwa miguu ile ile aliyoisimulia, akaenda hadi dirishani, akachungulia, akashuka tena mpaka kwenye mpera ndipo akapiga. Simu ameiona, alisema, inawaka, na meseji imejitokeza. Imeandika "Ndugu mwombaji, namba yako ya uthibitisho ni", halafu vinukta vitatu. Zaidi ya hapo haisomeki mpaka mtu aifungue kwa kidole. Na kidole kiko nje ya kioo.

Dakika kumi zilikuwa zimeshakwisha. Kristian, kwa akili zake za ufundi, akagusa pale palipoandikwa Tuma Tena, akidhani labda meseji ya pili itakuja na namba mbele. Skrini ikatuma, kisha ikasema kwamba imebaki nafasi moja, na baada ya hapo mwombaji atasubiri saa ishirini na nne. Kristian akaondoa mkono taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue, aliiogopa skrini yake.

Rahabu akachukua kitochi. "Mama, vunja kioo," akasema. "Chukua jiwe uvunje, uingize mkono."

"Nivunje dirisha la mtu mchana kweupe, mwanangu?" Sesilia akauliza. "Mwenyewe hayupo, nyumba ina msiba?"

"Mwenyewe ni mimi, mama. Nimekuruhusu."

"Umeniruhusu wewe, na nimesikia. Lakini atakayepita njiani hajasikia. Ngoja nimwite mjumbe wa nyumba kumi aje asimame hapo, nivunje mbele yake."

Rahabu akamsihi. Alimwambia muda hautoshi, alimtaja Witness, alimtaja Mungu. Sesilia alilia naye kwenye simu, na bado akasema anakwenda kumwita mjumbe. Wala Rahabu hakuweza kumlaumu, kwa sababu angekuwa yeye, angefanya hivyo hivyo. Mwaka wa pili huu kuna familia pale kijijini hazisalimiani kwa sababu ya mtu aliyeingia nyumba ya mwenzake kuzima jiko lililosahauliwa, baadaye shuka mbili zikakosekana. Mjumbe mwenyewe, Mzee Dotto, ndiye aliyemaliza kesi ile, na ndiye aliyetangaza kwamba nyumba ya asiyekuwepo haiguswi bila yeye. Siku hiyo alikuwa shambani, bondeni.

Basi wakapanga vizuri, kama watu wazima. Hawataigusa nafasi ya mwisho. Sesilia na mjumbe watavunja kioo kwanza, watafungua mlango wa nyuma, kisha Sesilia atashuka kwenye mpera na kusema tayari. Hapo ndipo Kristian atatuma namba, mjumbe ataisoma kutoka msumarini na kumpigia kelele Sesilia aliye chini, naye atawasomea. Kristian alirudia mpango huo mara mbili, na ulikuwa mpango mzuri. Saa kumi na moja na robo. Wakakaa wakisubiri. Rahabu alikuwa ameukamata ufunguo ndani ya pindo la khanga, na ulikuwa umepata joto la mkono wake.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano watu wa mbele wakaanza kushangilia. Gari la kuvuta lilikuwa limefika, na lori likasimamishwa kwenye magurudumu, kabichi zikiporomoka korongoni. Tangu saa tisa Rahabu alikuwa ameomba njia ifunguke, na sasa akaomba isifunguke. Magari tisa ya mbele yakaondoka moja baada ya jingine. Nyuma yao honi zikaanza, si ya pikapu peke yake, bali ya foleni nzima mpaka chini ya kona, na trafiki mwenye koti la mvua akaja kugonga bodi la gari kwa kiganja akisema wanaziba barabara. Kristian alimweleza. Trafiki alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana mama, na akawaonyesha kwa mkono waende.

Walitembea robo kilomita, hadi pale barabara ilipopanuka. Skrini ilikuwa nyeusi muda wote huo. Kristian akaegesha, akavuta hendibreki, na Rahabu akaandika upya jina na neno la siri, safari hii bila kukosea hata herufi. Walitaka tu kuufikisha ukurasa pale ulipokuwa, ukae tayari. Akagusa chuo cha uuguzi. Akagusa Thibitisha. Na ukurasa, ambao haukujua mpango wa mtu yeyote, ukatuma namba ya tatu wenyewe, saa ndogo ikaanza kurudi nyuma.

Kristian akapiga kwa Sesilia. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Simu ilikuwa kwenye mpera, na Sesilia alikuwa juu dirishani na mjumbe. Wakapiga mara sita, mara saba. Dakika nne, dakika mbili. Rahabu hakuomba tena, alizitazama tu sekunde zikipungua, moja moja. Zilipofika sifuri, saa ikatoweka, na maandishi mekundu yakaeleza kwamba mwombaji ametumia nafasi zote na ajaribu tena kesho.

Kristian alizima injini, kisha akaiwasha, kisha akaizima. "Nisamehe, shemeji," akasema.

"Hujanikosea, shemeji. Ungekataa kusogea wangetusukuma."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini na sita, bado dakika nne mlango wa chuo haujafungwa, kitochi kilipolia. Sesilia alikuwa kwenye mpera, anahema, na simu ya Rahabu ameshuka nayo mkononi.

"Rahabu, mwanangu, tumeingia. Mzee Dotto yupo hapa, amesimamia mwenyewe, na vigae vyote nimevifagia. Ziko meseji tatu. Nikusomee ipi?"

Rahabu akaitazama skrini. "Ya mwisho, mama."

Sesilia akasoma namba sita, kila moja akiitamka na kuitua chini kama mtu anayepanga mayai: nne, sifuri, saba, saba, mbili, tisa. Nyuma yake sauti ya mjumbe ilirudia kila namba kuhakikisha. Akauliza kama Rahabu ameandika. Rahabu hakuwa na kalamu, akasema ameandika.

"Basi binti yetu amekuwa nesi," Sesilia akasema, na akacheka kwa furaha. "Leo nimepanda kilima hiki mara tatu. Atakuja kuniangalia magoti."

Rahabu alitaka kumwambia, kisha akayatazama tena yale maandishi mekundu. Kristian aligeuza uso kwenye dirisha la upande wake. Nje magari yalikuwa yanapita kwa mfululizo kwenda Lushoto, taa zimewashwa kwenye ukungu, na hakuna aliyesimama tena.

"Soma tena, mama," Rahabu akasema. "Polepole."

Sesilia akaanza upya kutoka nne.