Jiwe la Biasha

Kila Ijumaa asubuhi Alfani, karani wa Wajerumani, alisimama kwenye baraza ya boma la Songea, akiwa na kanzu safi, akasoma gazeti la serikali. Gazeti lilichapwa pwani, likaletwa na tarishi kwa miguu, hivyo habari zake zilifika zimechoka kuliko yeye. Ijumaa moja ya mwaka 1906 lilisema kwamba vita vimekwisha, mavuno ya kusini ni mazuri na wenyeji wameridhika. Waliomsikiliza ni askari wa zamu na kuku wa mpishi. Watu wengine wote walikuwa uani kwa Biasha, wakisikiliza jiwe.

Mambo yalianza hivi. Kwa desturi ya pale, mwanamke akiwa kwenye jiwe la kusagia haulizwi alichoimba. Atamwimba mume mlevi, atamwimba mama mkwe mchoyo, hata mtawala wa Wangoni atamwimba kwa jina, na hakuna wa kumgusa. Wajerumani walipoanza kuwanyonga watu kwa sababu ya vita, nyimbo za kusagia zikaanza kuwataja, na boma likapiga marufuku. Wanawake wakasaga kimya. Kisha askari wakachoma mashamba na maghala, hata cha kusaga kikakosekana. Ndipo jiwe la Biasha, likiwa tupu, likaanza kusema lenyewe.

Lilisema kwa sauti ya mtu mzima aliyetoka kupanda mlima. Lilieleza ghala gani limechomwa Madaba, nani amekufa kwa njaa Mshangano, na nani amenyongwa ndani ya ua wa boma, mlango ukiwa umefungwa. Biasha alilisikiliza, akalipangusa vumbi, akaenda zake porini kuchimba mizizi ya kula. Wanawake walikuja na nyungo zao tupu, wakaketi. Wanaume walisimama nyuma ya ua wakijifanya wanapita.

Alfani aliona wivu, tena wivu hasa, ule wa kumnyima mtu hamu ya uji. Yeye alipigwa viboko pwani mpaka herufi zikaingia, na jiwe halikujua hata alifu. Halikuvaa kanzu. Halikupewa ruhusa na mtu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Subira, mkewe, ambaye nyumbani alimsikiliza huku akifagia, huko kwa Biasha alikaa mbele kabisa na kutega sikio.

Subira alikuwa na kaka, Bakili, aliyekunywa maji ya dawa akaenda vitani asirudi. Alfani alijua yaliyompata. Siku ya kunyonga yeye ndiye aliyesoma majina mle uani mwa boma, na la Bakili alilisoma bila kukosea. Kisha makarani wakaapishwa wasiseme, naye akamwambia mkewe kwamba Bakili amevuka mto Ruvuma, yuko salama kwa Wareno. Sasa jiwe lilikuwa likitaja waliokufa mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Siku ya Bakili ingefika, na Subira angeyasikia kwa jiwe yale ambayo mumewe alimficha.

Angeweza kuliwahi jiwe, akamwambia mkewe mwenyewe. Ilikuwa kazi ya sentensi moja tu, jikoni, mlango ukiwa umerudishwa. Badala yake alikwenda kulishtaki.

Bwana shauri, Mjerumani aliyehukumu kesi pale bomani, hakushangaa. Alikuwa amekaa nchini muda mrefu. Alimweleza Alfani kwa upole kwamba kwao Ulaya, katika katiba, imeandikwa kuwa kila raia yuko huru kusema na kuchapa anachokiona. Baba yake mwenyewe alikuwa na mtambo wa kuchapa, na alipowakosoa wakubwa alikingwa na maandishi hayo. Macho yalimlegea kidogo alipokumbuka. Kisha akauliza jiwe lilizaliwa wapi.

"Mtoni, bwana mkubwa. Hapa hapa."

"Basi si raia," akasema, akachovya kalamu.

Askari wakaenda kulichukua. Biasha aliwauliza akipata nafaka atasagia nini, nao wakalinyanyua wakaondoka nalo. Bwana shauri hakutaka livunjwe, kwa kuhofia kwamba kila kipande kingesema peke yake, na askari wa kulinda vipande hawakuwapo. Alfani ndiye aliyeomba liwekwe barazani, karibu na miguu yake. Aliwaza kwamba watu wakilifuata jiwe watakuwa wamemfuata na yeye.

Walimfuata kweli. Ijumaa iliyofuata baraza ilijaa mpaka nje, na Subira alikuwamo. Alfani akakunjua gazeti, akakohoa, akafungua kinywa. Jiwe likamtangulia.

"Bakili alinyongwa uani humu," likasema. "Jina lake lilisomwa na karani."

Halikusema karani gani. Likaendelea na habari za njaa. Alfani alisimama pale na gazeti lake, na hata hilo lilimuuma, kwamba habari kubwa kuliko zote imempitia yeye na bado hakutajwa. Subira hakulia. Aliondoka polepole, akaenda nyumbani, na mumewe alipofika alimkuta amekaa kizingitini.

"Kumbe ulikuwepo," Subira akasema.

"Nilikuwepo. Tuliapishwa, Subira. Ningesema, ningenyongwa na mimi."

"Ungeninong'oneza tu. Mimi ningemwambia nani?" Akamtazama. "Mbona jiwe limeweza?"

Alfani akaingia ndani kuvua kanzu.

Watu walilizoea jiwe bomani kama walivyolizoea kwa Biasha. Askari walililinda wakisinzia, na mpishi alianika mboga karibu nalo. Kunyonga hakukukoma, na mashamba hayakurudi. Gazeti liliendelea kusifu mavuno, na bwana shauri alitoa amri moja tu, kwamba siku ya Ijumaa karani asome kwa sauti kubwa zaidi ili jiwe lisisikike. Alfani akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Subira, aliyeketi mbele na sikio karibu na jiwe, alimwangalia mumewe, akamwonyesha kwa kidole anyamaze. Alfani akaendelea kusoma, kwa sababu ruhusa ya kusema ilikuwa yake peke yake.