Feni ya Mnong'ono

Nyumbani kwetu watu huzungumza kama wamesimama ng'ambo mbili za barabara. Kinara wao ni kaka yangu. Kazi yake ni kuzunguka mitaani na gari lenye vipaza sauti juu ya paa, akitangaza magodoro, na akirudi nyumbani husahau kwamba vipaza sauti vimebaki nje. Bibi naye, tangu macho yake yalipogoma, humwita mtu kwa sauti ya kumfikia popote alipo, hata kama mtu huyo amekaa naye kochi moja. Mimi nilizaliwa na sauti ndogo. Wakanibandika jina la Mnong'ono, likaning'ang'ania mpaka chuoni.

Nilisomea ualimu. Mitihani nilifaulu vizuri. Lakini siku ya mafunzo ya vitendo nilisimama mbele ya watoto, nikafungua kinywa, na kutoka dawati la mwisho ikaja sauti: "Mwalimu, hatusikii!" Nikapandisha. "Hatusikii!" Nikapandisha tena, hadi sauti ikapasuka katikati ya neno, darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi aliyekuwa ameketi nyuma alinishika bega akaniambia, kwa upole kabisa, nitafute njia nyingine ya kutumia elimu yangu. Kicheko nilikisahau mapema. Upole ule uliniuma kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia mama wa maktaba aliponiomba nisome kitabu.

Ni maktaba ya wasioona. Bibi huazima pale vitabu vilivyosomwa na kurekodiwa. Siku moja mama wa maktaba alinisikia nikimsomea Bibi jalada moja baada ya jingine ili achague, akauliza kama ningependa kujaribu kurekodi riwaya mpya iliyokuwa bado haijapata msomaji. Nilirekodi kurasa chache nyumbani, nikamtumia. Akanipigia simu.

"Mwanangu, sauti yako inaingia moyoni. Lakini huko nyuma mnafanya nini? Mna mashine ya kusaga?"

"Ni kompyuta," nikasema.

"Nini?"

"Kompyuta!"

"Basi iambie inyamaze. Msikilizaji wangu neno likimezwa hana ukurasa wa kurudi kuangalia. Nitumie nyingine kabla ya Ijumaa. Kuna kijana mwingine anaitaka kazi hii, ana sauti kama tarumbeta. Mimi nakutaka wewe, lakini siwezi kungoja."

Niliishika simu kifuani muda mrefu baada ya yeye kukata. Mimi nakutaka wewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu sauti yangu.

"Dawa yake ni ndogo," kaka alitamka kutoka jikoni. "Paza sauti! Feni ya kompyuta ikinguruma, wewe nguruma zaidi. Mimi nashindana na malori kila siku."

"Mume wangu," Bibi akamwambia, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake, "wewe hata malori yanakukimbia."

Kompyuta yetu ni ya mitumba, kasha la bati lililo chini ya meza, mezani kipaza sauti chenye waya mfupi. Simu yangu niliijaribu, ikanirekodi kama mtu aliyeziba pua. Kelele ilitoka kwenye feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaochemka ukifanya kazi. Nilipoanza kurekodi tu, joto lilipanda kupita nyuzi tisini na feni ikalia kama nyigu ndani ya kopo. Nilikuwa nimeshaifungua, nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto. Ikapoa kidogo, ikaendelea kulia.

Nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu vipoza joto. Jambo lenyewe kumbe si gumu. Feni ndogo lazima izunguke mbio ili isukume upepo wa kutosha, na mbio ndizo zinazopiga kelele. Feni kubwa husukuma upepo uleule ikizunguka taratibu. Chini yake uweke mnara wa mabapa membamba ya alumini, upitishe mirija ya shaba inayobeba joto kutoka kwenye prosesa, na feni haitakuwa na sababu ya kuhangaika. Nilichohitaji ni mnara mkubwa kadiri kasha lilivyoruhusu. Lakini liliruhusu kiasi gani? Rula yangu haikuweza kusimama wima kati ya nyaya zile.

"Bibi, niazime sindano yako ya kufumia."

"Unafuma kompyuta sasa?"

Niling'oa feni ya zamani, nikasimamisha sindano juu ya prosesa, na pale ilipokuwa sawa na ukingo wa kasha nikaizungushia uzi mwekundu, nikaufunga fundo. Kipoza chochote kitakachopita uzi ule, kifuniko hakitafunga. Na kifuniko kisipofunga, kila sauti ya ndani itatoka nje.

Dukani muuzaji alinipokea kwa bashasha. Kabla sijamaliza salamu alishaweka juu ya kaunta boksi kubwa lenye picha ya moto na barafu.

"Hii ndiyo habari ya mjini, dada. Ina taa za rangi zote."

"Samahani, nataka isiyo na kelele."

"Nini?"

Nikasogea karibu. "Isiyo na kelele. Na inayokaa kwenye kasha langu."

"Hii inakaa popote, niamini mimi."

Hapo kwa kawaida mimi hulipa na kuondoka. Ndivyo nilivyonunua viatu vinavyonibana na mwavuli usiofunguka. Lakini nilikuwa na sindano mkobani. Nikaitoa. Muuzaji alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, tutaelewana tu!"

Nikaisimamisha kando ya kipoza chake cha taa. Kilipita uzi mwekundu kwa upana wa kidole. Akateremsha kingine, kikapita kwa unene wa kucha. Cha tatu kilikuwa cha rangi ya alumini tupu, mirija minne ya shaba, feni pana kama sahani, hakina taa hata moja. Kilele chake kilikoma chini kidogo ya uzi. Nikasoma kwenye boksi kama vishikio vyake vinaendana na aina ya prosesa yangu. Vinaendana.

"Hiki," nikasema, na kwa mara ya kwanza hakuuliza nimesema nini.

Kaka alirudi mapema siku ile, akajitolea kunishikia tochi. Bibi alivuta kiti akakaa karibu ili, kama alivyosema, aangalie. Nililaza kasha mezani ubavuni. Nikafunga vishikio, nikabandua nailoni iliyofunika kitako cha mnara, nikatia tone la pesti katikati ya prosesa, dogo kama punje ya mchele. Nikauteremsha mnara polepole. Skrubu nikazikaza kwa kukatiza pembe kwa pembe, kidogo kidogo, ili usiegemee upande mmoja.

"Haraka basi, mkono unakufa ganzi," kaka alisema.

"Wewe shika tochi, uache kushika maneno," Bibi akamjibu.

Mnara ukasimama imara. Nikachukua feni niipachike mbele yake. Feni haikushuka. Kadi za kumbukumbu, zile zinazosimama kama vitabu kando ya prosesa, zilikuwa zimevishwa mabati marefu yenye meno, na ukingo wa feni uliketi juu yake. Nikaipandisha feni juu ya meno. Nikasimamisha sindano. Ukingo wa feni ulipita uzi mwekundu.

Nilikuwa nimepima mnara. Feni nilisahau kwamba nayo inahitaji pa kukaa.

"Ndiyo basi," kaka akasema, na safari hii alisema polepole, jambo lililonitisha zaidi. "Kesho ni Ijumaa. Tarumbeta ameshinda."

Bibi alinyoosha mkono, akaupapasa mnara kutoka chini hadi juu, vidole vyake vikipita kwenye mabapa kama anayepekua kitabu.

"Mke mwenzangu, upepo unapita katikati ya hivi vibati?"

"Ndiyo, Bibi. Unaingia mbele, unatokea nyuma."

Nikajisikia nikilisema. Unatokea nyuma. Upepo hauna haja ya kusukumwa ndipo upite, unaweza pia kuvutwa. Nyuma ya mnara, kati yake na matundu ya kasha, palikuwa peupe kabisa, hapana kadi wala waya. Nikageuza feni nitafute mshale mdogo uliochorwa ubavuni kuonyesha uelekeo wa upepo. Nikaipachika mgongoni mwa mnara, mshale ukitazama nje. Vibanio vya waya vikaita *tak, tak*. Nikasimamisha sindano. Uzi mwekundu ulikuwa juu, salama.

"Umefanyaje?" kaka akauliza.

"Nimeiambia ivute badala ya kusukuma."

"Mtoto huyu!" Bibi akapiga goti lake kofi.

Nikachomeka waya wa feni, nikafunga kifuniko, kikafunga kama mlango wa kabati jipya. Nikalirudisha kasha mahali pake, nikawasha.

Kimya.

Tukangoja. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Hapakuwa na mngurumo wala mlio wowote.

"Umeiua!" kaka akalipuka. "Mnong'ono, umeiua kompyuta ya watu!"

Nilibonyeza swichi ya ukutani, nikaangalia waya wa umeme. Bibi alikuwa ameinama kwenye kiti, kiganja chake nyuma ya kasha.

"Nyamazeni nyote," alisema. "Kiumbe hiki kinapumua. Upepo huu hapa, laini, kama mtoto aliyelala."

Nikapeleka mkono wangu kando ya wake. Upepo ulikuwa unatoka. Nikainua macho mezani, na pale nyuma ya kioo waya wake ulikuwa unaning'inia hewani. Nilikuwa nimesahau kuuchomeka. Nikauchomeka, na picha ikaja yote, angavu. Nilifungua programu ya kurekodi, nikaiacha ifanye kazi ngumu kadiri inavyoweza. Joto likapanda hadi nyuzi hamsini, likakaa hapo, na feni haikuongeza hata pumzi.

Kaka alikodoa macho. Kisha akafunga dirisha kwa vidole viwili, akavua viatu, akakaa sakafuni na kujiziba mdomo kwa mto. Sijawahi kumwona akikaa kimya vile, na alikaa hivyo hadi nilipomaliza sura nzima. Nilisoma kwa sauti yangu, ileile niliyozaliwa nayo. Niliposikiliza, nyuma ya maneno hapakuwa na kitu chochote isipokuwa mimi nikivuta pumzi kabla ya sentensi ndefu.

Nilimtumia mama wa maktaba usiku uleule, naye akanipigia Ijumaa yenyewe.

"Umehamia wapi? Nasikia kama umekaa begani mwangu."

"Niko palepale," nikasema, na alinisikia mara ya kwanza. "Nimebadilisha feni."

"Basi kitabu ni chako, mwanangu. Na baada ya hiki kuna kingine."

Kaka alipiga yowe lililosikika mtaa wa pili. Nilimwachia. Mtu mmoja nyumbani ilibidi apige yowe, na mimi sikuwa na haja.

Riwaya ilipokamilika, nakala ya kwanza aliletewa Bibi. Aliketi kochini na redio yake ndogo mapajani, kaka akamsaidia kuiwasha na, kwa mazoea ya kazi yake, akakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Sentensi yangu ya kwanza ikajaza chumba, ikatoka dirishani, ikaenda barabarani. Jirani aliyekuwa akifagia alisimamisha ufagio, akageuza shingo kutafuta anayesema.

Bibi aliziba masikio kwa viganja viwili.

"Punguza, mke mwenzangu," akanililia. "Unatupigia kelele!"

Nikakizungusha kitufe kurudi nyuma, taratibu, nikicheka hadi machozi yakanitoka, nikamwomba radhi Bibi kwa kupaza sauti.